Mjane Hana Maneno

Picha ilinifikia Jumatano asubuhi, nikiwa mbele ya darasa la tano, chaki mkononi. Rafiki yangu wa Beni alikuwa ameipiga ukutani na kunitumia kwa simu bila neno lolote, maana alijua haihitaji maelezo. Lilikuwa tangazo la tamasha la michezo ya kuigiza katika ukumbi mmoja wa Mulekera, hukohuko Beni, Jumamosi hiyo, saa nane mchana. Mchezo wa tatu kwenye orodha uliitwa Shamba la Kaka Yetu. Chini yake, kwa herufi nene: umetungwa na Stanislas.

Niliwaambia watoto wanakili yaliyo ubaoni. Ubao ulikuwa mtupu. Wakaniangalia, nami nikatoka nje.

Mchezo ule ni wa baba yangu. Baba yangu anaitwa Siméon, na nasema anaitwa, ingawa tumemzika miaka miwili sasa, kwa sababu sijazoea na sina haraka ya kuzoea. Aliutunga nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, hapa Butembo, kwenye meza yetu ya chakula, na tuliucheza sisi wenyewe, familia nzima, kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Tangazo lilisema kwamba mchezo utakaoshinda utachapishwa katika kijitabu cha kusomwa shuleni, pamoja na jina la mtunzi. Maana yake ni kwamba mwakani ningesimama mbele ya darasa hilohilo, nikiwafundisha watoto wa watu kazi ya baba yangu, na kuwaambia kwamba iliandikwa na mtu aliyekula kwenye sahani zetu miaka kumi na mitano. Sikusubiri hata kengele ya mapumziko.

Ngoja nimweleze baba yangu, maana wengi walimwona jukwaani tu. Kazi yake ya mikono ilikuwa useremala. Kuigiza alianzia kanisani, kwenye Mateso ya Ijumaa Kuu, ambako mwaka wa kwanza alipewa nafasi ya Yuda kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Akamwigiza Yuda vizuri mno, hata mama mmoja wa sokoni akakataa kumuuzia viazi mpaka Pentekoste. Baba alilisimulia jambo hilo maisha yake yote, kama wengine wanavyosimulia siku waliyopata diploma. Baada ya hapo hakutaka tena maneno ya watu wengine, akaanza kutunga yake. Akaoa msichana wa kwaya, Anne-Marie, ambaye ndiye mama yetu. Watoto tulipozaliwa, hakuuliza tutakuja kuwa nani. Alitugawia nafasi. Mimi, Rébecca Kasika, nilisema neno langu la kwanza jukwaani kabla sijajua kufunga viatu. Mdogo wangu Nzanzu aliingia akiwa na miezi minne, akicheza mtoto mgonjwa, na baba alimlaumu kwa miaka kwamba alicheka mahali pa kulia.

Tulicheza Butembo na Lubero. Tulicheza Mutwanga, chini ya Rwenzori, na Kasindi kwenye uwanja wa malori, ambako madereva walitukopesha taa za magari yao. Mapazia yetu yalisafiri juu ya magunia ya viazi kwenye pickup za watu. Hatukuwa matajiri, wala hatukuwa na aibu. Mtu akituuliza kwetu ni kazi gani, tulijibu kwamba kwetu tunacheza, na kama aliona ni upuuzi tulimwalika aje Jumapili aone.

Baba alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata mara moja. Hakuna mwigizaji aliyepewa mchezo mzima. Kila mtu alikuwa na daftari lake la shule, na ndani yake maneno yake peke yake. Kabla ya kila neno lako baba aliandika maneno matatu ya mwisho ya mwenzako, ili ujue wakati wa kuingia. Maneno hayo matatu tuliyaita mkia. Ukisikia mkia, unasema. Alidai kwamba mtu akiwa na mchezo mzima mkononi anaacha kusikiliza wenzake na kukaa akisubiri zamu yake tu. Sisi tulisikiliza kwa sababu tulilazimika.

Shamba la Kaka Yetu ni mchezo wa kikao cha familia baada ya mazishi. Mwanaume amekufa, na ndugu zake wawili wamekuja kugawana shamba lake. Baba aliigiza ndugu mkubwa, Stanislas aliigiza mdogo. Mimi na Nzanzu tulikuwa watoto wa marehemu. Mama alikuwa mjane. Alikaa pembeni mwa jukwaa juu ya mkeka, na sinia la maharagwe ya mbegu, akichambua: mazuri kwenye kikapu, mabovu chini. Kila walipokata kipande cha shamba, mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Hakusema kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwishoni, wale ndugu wawili wakiwa wamekabana kwa ajili ya mpaka, yeye alisimama, akachukua kikapu cha mbegu na jembe, akapita katikati ya watazamaji na kutoka nje kabisa. Ndugu walibaki na shamba lisilo na mbegu wala mtu wa kuzipanda. Kule Mutwanga wanawake walisimama wakamfuata nje kwa vigelegele, sisi tukabaki jukwaani na wanaume waliokuwa wakitazama viatu vyao.

Nyumbani tulifanya nafasi hiyo kuwa utani. Tulisema baba alimpa mama mjane asiyesema kwa sababu mama hana mdomo, kwamba angempa neno moja angelisahau njiani. Mama alikuwa akicheka pamoja nasi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa Stanislas. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuja karakanani kwa baba akiwa kijana wa miaka ishirini, kupaka rangi milango. Baba akasikia sauti yake akiimba kwenye ngazi, na wiki iliyofuata alikuwa na daftari. Mama alimshonea suruali ya jukwaani. Alipougua homa ya matumbo alilala kwetu mwezi mzima, na uji wake niliupika mimi. Kisha radio moja ya Butembo ikaja kurekodi mchezo wetu na kuutangaza Jumamosi nne mfululizo, na Stanislas akaanza kusikia sauti yake mwenyewe mitaani. Miezi michache baadaye alipata kazi ya uhamasishaji katika shirika fulani huko Beni, akaaga vizuri, akaondoka na daftari lake. Baba alimbariki. Kwenye mazishi ya baba alituma ujumbe wa simu wenye mishumaa miwili.

Nilimpigia simu Jumatano hiyohiyo, nikiwa nyuma ya vyoo vya shule ili walimu wenzangu wasinisikie. Hakukataa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliniuliza habari za mama, kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Rébecca, muchezo ni ya batu bote," akasema. "Papa Siméon alikufa, na muchezo ilikuwa inakufa naye. Mimi niliandika yote kwa machine, page makumi tatu. Wewe, manuscrit yako iko wapi?"

Nikakata simu. Nilikata kwa sababu sikuwa na mchezo mzima ulioandikwa, na alijua sina. Kuna jambo ambalo lazima niliseme, ingawa linanifedhehesha. Baba alipokufa, mimi ndiye niliyeweka daftari lake ndani ya sanduku, chini ya mikono yake. Nilitangaza mbele ya watu kwamba Siméon hawezi kwenda mbele ya Mungu bila maneno yake. Watu walilia, katekista akanisifu, na mimi nikajiona nimefanya jambo kubwa. Maneno ya ndugu mkubwa, nusu ya mchezo, yako chini ya udongo kwa mkono wangu mimi, na maneno ya ndugu mdogo yalikuwa kwa mwizi. Lilibaki daftari langu na la Nzanzu. Maneno ya watoto wawili na mikia yao.

Nzanzu ni wakala wa forodha Kasindi. Nilipomwambia, alitukana kwa Kilingala, jambo ambalo halifanyi mbele yangu. Aliniambia daftari lake liko kwenye kabati ya ofisi, ndani ya plastiki, na kwamba tutakutana Beni Jumamosi.

Jioni nilimkuta mama uani, ameketi kwenye kigoda, akichambua maharagwe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. Nilimlaani Stanislas kwa kila kitu alichowahi kula kwetu, kuanzia uji. Mama alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipofika kwenye madaftari, mkono wake ulisimama.

"Na kaye yangu?" akauliza, akimaanisha daftari lake.

"Mama, yako iko na nini ndani?" nikamjibu. "Mujane hana maneno."

Nilicheka kidogo kwa uchungu, nikaingia ndani kutafuta daftari langu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni, kitenge cha misa kiunoni na mkoba wake mweusi kwapani. Nilimwambia barabara si nzuri, vizuizi ni vingi, abaki apumzike. Akapita mbele yangu akaenda kutafuta gari.

Njia nzima nilipanga hotuba. Kila kizuizi tulichoshuka kuonyesha vitambulisho niliongeza sentensi. Mpaka tunaingia Beni, nilikuwa na hotuba ya kumfanya askofu alie, na ndani yake jina la baba lilitajwa mara kumi na moja. Nzanzu alitusubiri kwenye mzunguko, vumbi la Kasindi hadi kwenye nyusi. Alimsalimu mama kwa mikono miwili, tukapanda pikipiki hadi Mulekera.

Katibu wa tamasha aliitwa Ananie, mzee mwembamba mwenye koti na mihuri mitatu mezani, ofisi yake ikiwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Nilitoa hotuba yangu yote, naye akaisikiliza yote, kisha akavuta faili la Stanislas: kurasa thelathini zilizopigwa chapa, zimefungwa kwa utepe wa kijani. Akafungua daftari langu. Akasoma sauti ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mkia, na tena sauti ya mtoto. Akafungua la Nzanzu, ambalo lina kurasa sita na mchoro wa ndege.

"Madame, naona uchungu yenu," akasema. "Mais hapa hatupokeake bipande. Règlement, sheria ya tamasha, inaomba texte nzima, na date. Muko na texte nzima?"

Nikasema mtu mzima yeyote wa Butembo anajua mchezo huu ni wa nani. Akasema Butembo nzima haiwezi kuingia katika faili. Wakati huo mama, aliyekuwa nyuma yetu, alisogea mezani na kutia mkono mkobani. Ananie akamwonyesha benchi la nje kwa heshima zote, akisema mama mzee asichoke bure na mambo ya ofisi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa katikati ya hasira yangu na sikutaka kukatizwa, nikageuka nikamwambia, "Mama, ikala kwanza." Akatoa mkono mkobani, akaenda kukaa. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko hotuba.

Saa nane tulikuwa mstari wa tatu. Ukumbi ulijaa: wanafunzi wa sare, akina mama wa vikundi vya kanisa, wanajeshi wawili wasio na bunduki, na waamuzi watatu kwenye meza yenye maua ya plastiki, Ananie akiwa katikati. Michezo miwili ya kwanza sikuiona ingawa macho yalikuwa wazi. Kisha pazia likafunguka, na nikaona jukwaa la baba.

Stanislas ndiye sasa aliyekuwa ndugu mkubwa. Alikuwa amechukua nafasi ya baba, na mbaya zaidi, alikuwa amechukua hata kikohozi chake, kile cha kabla ya kusema uongo. Watu wakacheka palepale tulipozoea wacheke. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, ulikuwa mchezo wetu. Nzanzu alinishika kiganja, nacho kilikuwa cha moto.

Lakini pembeni mwa jukwaa, mahali pa mkeka, hapakuwa na kitu. Nilidhani mwigizaji amechelewa. Nikasubiri. Ndugu wakakata kipande cha kwanza cha shamba, na mahali ambapo mkono wa mama ulisimama, ngoma ikapigwa. Wakakata cha pili, ngoma tena. Msichana aliyecheza nafasi yangu akasonga mbele na kusema neno langu, lile lililofanya wazee wa Lubero wainamishe vichwa: "Na mama atalima wapi?" Akalisema akigeukia watu, kwa kuwa hakukuwa na mama wa kumgeukia. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

Walikuwa wamemtoa mjane. Katika mchezo wa mjane walikuwa wamemtoa mjane. Nilimgeukia mama nikitegemea machozi, nikamkuta ametulia, anatazama pale mahali patupu, vidole vyake vikitembea pajani: zuri kikapuni, bovu chini. Alikuwa akicheza. Na vidole vyake havikukosea hata mkia mmoja.

Mwisho ulikuwa wa aibu. Ndugu wawili walipokabana, Stanislas alimwachia mwenzake, akaja mbele na kutoa hotuba kuhusu amani, umoja wa familia na faida ya kupata hati za ardhi, akamalizia kwa kulishukuru shirika lake. Watu walipiga makofi ya adabu. Nilisimama. Nilitaka kupiga kelele, nami nina sauti, nimefundishwa. Lakini mama alikuwa amesimama kabla yangu, na alikuwa tayari kwenye njia ya katikati, mkoba kwapani. Alitembea ule mwendo wa mjane. Watu walimpisha bila kujua kwa nini. Alifika kwenye meza ya waamuzi, akasogeza maua, akatoa daftari lenye jalada la buluu lililofifia na kuliweka mbele ya Ananie.

Mimi na Nzanzu tulikimbia nyuma yake. Ananie akafungua ukurasa wa kwanza, na hapo wote tukaona muhuri wa parokia, saini ya padri na tarehe ya mwaka 2003. Akafungua wa pili, wa tatu. Maneno ya ndugu mkubwa. Maneno ya ndugu mdogo. Maneno yangu, ya Nzanzu, yote, kwa mwandiko wa baba ulioegemea kulia, na chini ya kila neno, kwa penseli, mwandiko mwingine mdogo ulioeleza mikono ya mjane inafanya nini.

"Mama, hii ni muchezo muzima," akasema Ananie.

"Padri hakuachaka muchezo kuingia mu salle ya parokia kama hajaisoma yote," mama akasema. "Kaye yenye ilikuwa na yote ni yangu. Mutu asiyesema, anapashwa kujua ya bote."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Sisi tuliokuwa na mikia tulisikiliza maneno matatu. Yeye aliyekaa kimya ndiye aliyepewa mchezo mzima, na alikuwa nao kabatini miaka yote hiyo, hatua nane kutoka kitandani kwangu.

Stanislas alikuwa ameshuka jukwaani, rangi ya mvi ikimtiririka shingoni. Alipomwona mama alipunguza mwendo, na nadhani ule mwezi wa uji ulimpita machoni. Lakini mtu aliyezoea kusema lazima aseme.

"Mais mama, ile role haikuwa na texte," akasema, kama anayejitetea kwa kosa dogo. "Mu radio haisikikake."

Ananie aliinua kichwa polepole. "Mu radio gani?" akauliza.

Nilimwona Stanislas akitafuta mkia na kuukosa. Alikuwa ameunasa mchezo kwa kusikiliza ile rekodi ya radio, akapiga chapa kila sauti, na mama yangu hakuwa na sauti. Miaka kumi na mitano alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye ule mkeka na hakuwahi kumwona aliyekaa juu yake. Alivua koti la ndugu mkubwa, akaliweka kwenye kiti na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilitaka kumfuata nimwambie yote niliyoyapanga tangu Butembo. Nzanzu alinizuia kwa kiwiko, akaninong'oneza nisome kwanza.

Ananie alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. Baba alikuwa ameandika hotuba. Ndiyo, baba alimwandikia mjane hotuba, ukurasa na nusu, kali, ya kuwatoa machozi watu, ya aina ambayo ningetoa mkono wangu kuisema. Na juu yake ulipita mstari wa penseli, mrefu, ulionyooka, kutoka juu hadi chini. Pembeni, kwa mwandiko mdogo: "Hasemi. Anachukua mbegu anatoka. Wakisikia maneno watajibu. Akitoka watajibu nini?" Chini ya hapo baba alikuwa ameandika, kwa kalamu ya buluu: "Sawa, Mama Kasika."

Nilisoma mara mbili. Vigelegele vya Mutwanga, wanawake waliosimama na kutoka, kila kitu ambacho watu walimpongeza baba yangu kwacho, na ambacho mimi nilikuwa nimekitetea tangu Jumatano kwa jina la baba yangu, kilikuwa cha mama. Nilikuwa tayari kumwaibisha mtu mmoja mbele ya umati kwa kumfuta mama yangu, na mimi nilikuwa nimemfuta uani kwetu, kwa kicheko, nikiwa nimesimama. Nilimwambia hana maneno. Nilimwambia akae kwanza. Hasira ilikuwa bado imenijaa kifuani, na sasa ilikuwa na pa kwenda.

Ananie alifuta jina la Stanislas kwenye orodha kwa rula, maana alikuwa mtu wa rula, akashika kalamu na kuniangalia mimi. Alikuwa amezoea kuniangalia mimi.

"Niandike jina gani?"

Jina la baba lilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimelibeba kilomita hamsini na kitu. "Muulize mama," nikasema.

Mama alifikiri kidogo. Hakuwa na haraka, na wale waamuzi watatu, wanafunzi na wanajeshi wawili wakamsubiri.

"Andika Siméon," akasema. "Kisha andika na Anne-Marie. Ya yangu ni ile yenye Stanislas alitoa mu muchezo."

Ananie akaandika, akagonga muhuri, akataka kulitia daftari kwenye faili. Mama akaweka kiganja juu yake na kulivuta kwake, taratibu, akasema kama wanataka nakala wakatafute mashine, yeye atasubiri. Wakaenda kutafuta mashine. Tulikaa kwenye benchi la nje, lile alilofukuziwa asubuhi, na nikamuuliza kwa nini miaka yote ile hakutuambia.

"Hapana mutu aliniulizaka," akasema, bila lawama, akipangusa jalada kwa ncha ya kitenge. Alinyamaza, nami nikadhani amemaliza, kama nilivyodhani maisha yangu yote. "Kaye ya papa yako uliweka mu sanduku kabla nifungue kinywa. Siku yangu ikifika, Kasika, hii hapana kuizika."

Nikasema ndiyo, mama. Nzanzu akaenda kutafuta pikipiki.